Sekunde ya Luvungi na sekunde ya angani



Redio ikitangaza saa moja asubuhi Kinshasa, kwetu Luvungi ni saa mbili tayari. Hayo ni mapatano ya serikali tu. Sekunde yenyewe ni ileile pande zote mbili. Lakini sekunde ni nini?

Zamani ilikatwa kutoka kwenye siku, sehemu moja ya 86,400. Kumbe dunia haizunguki kwa mwendo sawa kabisa. Kwa hiyo mwaka 1967 wataalamu wa vipimo walikubaliana kuhesabu mitetemo ya mionzi ya atomu ya sesiamu: mitetemo 9,192,631,770 ni sekunde moja.

Mwaka 1905 Einstein alikuwa ameonyesha kwamba saa inayokwenda mbio huhesabu muda mchache kuliko iliyotulia. Je, sekunde imevunjika? Hapana. Anayesafiri na sesiamu yake atahesabu mitetemo ileile kwa kila sekunde, wala hataona saa yake ikichelewa. Tofauti hujitokeza wawili wanapolinganisha hesabu zao.

Tunaitumia tofauti hiyo kila siku. Satelaiti zinazoiwezesha simu kujua mahali ulipo ziko juu kilomita kama 20,200. Kwa sababu ya mwendo, saa zake huchelewa sehemu 7 za milioni ya sekunde kwa siku. Kwa sababu uvutano wa dunia ni hafifu huko juu (hiyo ni nadharia yake ya baadaye), huwahi sehemu 45. Zinabaki 38 za kuwahi. Ni kidogo mno, lakini katika muda huo nuru hupita kilomita 11. Bila kusahihishwa, simu ingeweza kumweka mtu wa Luvungi ng'ambo ya Ruzizi, nchini Burundi!

Naandika haya kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba Einstein amethibitisha 2 Petro 3:8. Kijana wa sekondari anayesoma fizikia akitusikia tukichanganya hivyo mimbarani, atatilia shaka hata tunayosema juu ya msalaba. Nadharia hii yalinganisha saa za viumbe, kila kimoja na mwendo wake. Mungu si mmoja wa wasafiri hao. Petro alikuwa akiwajibu wenye dhihaka waliosema Bwana anakawia. Anayetaka kuhubiri mstari wa 8 ausome pamoja na wa 9, ambapo mtume mwenyewe anaeleza kwamba neno lake ni juu ya uvumilivu.