Mbao mbili, kamba na pipa: mchezo unaweza kufundisha nini katika kambi ya jeshi?

Wanajeshi wanane wamepewa mbao mbili, kamba moja na pipa. Mbele yao kuna mto ambao si mto, ni mistari miwili tu iliyochorwa chini. Pipa wanaambiwa limejaa dawa za majeruhi. Wana dakika chache za kulivusha, pamoja na watu wote, bila mguu kugusa “maji”. Tatizo ni kwamba kila ubao ni mfupi kuliko mto.

Waingereza walitumia majaribio ya aina hii tangu 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, ili kuchagua maofisa. Leo majeshi mengi yanayatumia kufundisha kikosi maadili ya pamoja: uaminifu, kusaidiana, ujasiri. Muda si muda utaona serjenti anapiga kelele, na kaporali mwenye wazo zuri ananyamaza kwa sababu ya cheo. Mwingine amekanyaga maji, anaangalia kama kuna aliyemwona.

Kuvuka kwenyewe si kitu. Kazi iko baada ya mchezo, watu wakiketi chini. Jeshi la Marekani lina desturi hiyo tangu miaka ya 1970: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, tubadilishe nini? Katika mazungumzo hayo cheo kinawekwa pembeni, na ofisa anasikiliza makosa yake kutoka kwa askari wa kawaida.

Kwetu Kongo jambo hili si la kujifurahisha. Baada ya mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, wapiganaji wa serikali, MLC, RCD na Mai-Mai waliunganishwa katika FARDC. Walipitia “brasaji” katika vituo kama Nyaleke, Rumangabo, Mushaki, Luberizi, Kitona na Kamina. Mafunzo yalipangiwa siku 45. Siku 45, kwa watu waliokuwa wakipigana risasi! Mwaka wa 2007 ikaja “miksaji” pamoja na wapiganaji wa CNDP, ambao walibaki Kivu Kaskazini. Mpango huo haukumaliza mwaka. Wengine waliingizwa jeshini mwaka wa 2009, na Aprili 2012 sehemu yao wakaasi na kuunda M23, wakifuata makomanda wao wa zamani.

Majina yalikuwa yamechanganywa kwenye orodha, watu, hapana. Hapo mchezo una nafasi yake. Mtu akifungwa kitambaa machoni na kupita katikati ya vizuizi akiongozwa na sauti ya yule aliyekuwa adui yake jana, anajifunza kitu ambacho hotuba ya saa mbili juani haimpi. Ila timu lazima zichanganywe na mkufunzi. Ukiwaacha wachague wenyewe, kila mmoja atarudi kwa wa lugha yake.

Lakini umoja peke yake hautoshi. Mwaka wa 2010, Wamarekani walifundisha batayoni ya 391, askari karibu 750, huko Kisangani. Haki za binadamu zilikuwa ndani ya masomo. Novemba 2012, Goma ilipoanguka, jeshi lilirudi nyuma hadi Minova, Kivu Kusini, na wanawake wengi wakabakwa. Umoja wa Mataifa uliitaja batayoni hiyo miongoni mwa zilizohusika. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi. Mei 2014, kati ya washitakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Kikosi kinachoshikamana kinaweza pia kushikamana katika uovu, na katika kunyamaza.

Kuna na mambo ya mfukoni. Kuanzia 2006, ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri, kwa sababu pesa zilizopitia mikononi mwa makomanda hazikuwa zikifika zote. Askari aliyecheza mchezo wa kuaminiana asubuhi, kisha jioni akakatwa mshahara, anajua somo gani ndilo la kweli.

Kwa hiyo mchezo unaofaa jeshi letu ungepaswa kugusa kifungu cha 28 cha Katiba: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Ni askari wangapi wamewahi kukifanyia mazoezi? Inawezekana, na haina gharama. Katikati ya mchezo, mkufunzi anamnong'oneza kiongozi wa timu aamuru majeruhi aachwe ng'ambo ili wamalize haraka. Kisha anatazama nani atakataa. Wakiketi, anawauliza mmoja mmoja, akianzia wa cheo cha chini kabisa: uliona kinachofanyika, kwa nini ulinyamaza?