Kioo cha laptop kimekuwa giza? Mulika tochi kabla hujanunua kingine

Laptop inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni giza. Wengi hapo hapo wanaanza kuulizia bei ya kioo kipya. Subiri kwanza, huenda kilichokufa ni taa tu.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Kinachora picha, halafu taa iliyo nyuma yake inaimulika ili uione. Taa ikizima, picha bado ipo ila huioni.

Jaribio la tochi

Washa laptop ukiwa kwenye chumba chenye giza. Chukua tochi ya simu, isogeze karibu na kioo, mulika kwa upande. Ukiona maandishi kwa mbali, kioo kinafanya kazi. Tatizo liko kwenye mwanga.

Huoni kitu? Unganisha laptop na TV kwa waya wa HDMI, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague sehemu ya kuonyesha picha. Ikitokea kwenye TV, laptop ni nzima, ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Tumia nafasi hiyo kunakili mafaili yako.

Cheki haya, ni bure

• Ongeza mwangaza kwa vitufe vyenye alama ya jua. Kwenye laptop nyingi unashikilia Fn kwanza.

• Chomeka chaja. Betri ikipungua, laptop nyingi hupunguza mwanga zenyewe.

• Ondoa kava la simu lenye sumaku karibu na kibodi. Laptop nyingi hutumia sumaku kujua kama mfuniko umefungwa, kwa hiyo sumaku nyingine inaweza kuidanganya ikazima kioo.

• Fungua na kufunga mfuniko taratibu. Mwanga ukiwaka na kuzima kadiri unavyousogeza, shuku waya unaopita kwenye bawaba. Waya huo huchakaa kwa kukunjwa kila siku.

Laptop yako ni ya enzi gani?

Laptop nyingi za kabla ya 2009 hivi zina taa ya tyubu nyembamba inayoendeshwa na kifaa kidogo kiitwacho inveta. Kioo kikiwaka na rangi ya wekundu au pinki, halafu kikafifia, tyubu imezeeka. Kikiwaka sekunde chache kisha kikazima, inaweza kuwa inveta au tyubu. Usifungue mwenyewe ikiwa imewashwa: inveta inatoa umeme wa mamia ya volti, na ndani ya tyubu kuna zebaki.

Laptop za baadaye zinatumia LED, hazina tyubu wala inveta hiyo. Hapo shida inaweza kuwa waya, taa zenyewe, au fyuzi ndogo kwenye bodi. Fundi akitaka kuchomoa waya wa kioo, achomoe betri kwanza. Asipofanya hivyo, fyuzi hiyo inaweza kuungua palepale, na kioo kipya nacho kitakaa giza.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie "kioo kimekufa". Mwambie: "Picha ipo nikimulika tochi, mwanga ndio haupo." Muombe apime waya, fyuzi au inveta kabla ya kukuuzia kioo kizima. Kama laptop ni ya zamani sana na tyubu ndiyo imeisha, iunganishe na TV au monita, iendelee na kazi zake mezani.