Kirusi Kinachongoja Amri ya Ini

Uganda ilipochunguza damu za watu wake nchi nzima mwaka 2005, karibu watu 10 kati ya kila 100 walikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Upande wa Nile Magharibi, ziliko Arua na Koboko, kiwango kilikaribia mara mbili ya hicho. Virusi hivi husafiri kwenye damu mwili mzima, lakini huzaliana ndani ya ini. Kwa nini huko?

Sababu moja iko mlangoni. Mwaka 2012 watafiti wa China waligundua kwamba kirusi huingia kwa kushika NTCP, protini ya seli za ini inayopokea chumvi za nyongo. Sababu ya pili, ambayo mimi naiona ya ajabu zaidi, imo ndani ya kiini cha seli.

Kwenye DNA kuna maeneo yaitwayo enhansa. Kazi yake ni kuhimiza jeni isomwe kwa wingi, hata jeni iliyo mbali, kwa kuwa DNA hujikunja kama kamba mpaka sehemu hizo mbili zikutane. Ila enhansa hulala mpaka protini maalumu ziikalie. Katika ini zimejaa protini kama HNF1 na HNF4 alfa. Ndizo zinazolifanya litoe albumini, protini ya damu, kwa wingi, ilhali ubongo wenye DNA ileile hautoi.

DNA ya kirusi cha B ina herufi 3,200 hivi na jeni 4 tu. Ya binadamu ina herufi bilioni 3. Katika ufinyu huo kirusi kimebeba enhansa 2, tena zimekaa juu ya herufi zinazoeleza protini zake, kwa hiyo herufi zilezile hufanya kazi mbili. Enhansa zote mbili hukaliwa na protini za ini. Ya pili hufanya kazi karibu ndani ya ini peke yake.

Humo kiinini DNA ya kirusi hujifunga duara na kudumu miaka mingi. Dawa ya tenofoviri huzuia nakala mpya za DNA hiyo, lakini duara hubaki na enhansa zake zikiendelea kuamshwa, ndiyo maana wagonjwa wengi hawaruhusiwi kuacha vidonge. Kwa kuwa dawa haiondoi duara hilo, kinga ni muhimu, hasa kwa watoto. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi ni kama asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya 5. Hivyo Shirika la Afya Duniani linataka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa.