Dhana ya Kichocheo katika Uchambuzi wa Tabia: Mfano wa Adhana ya Magharibi Lusangi

Neno "kichocheo" limezoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi. Asili yake ni kitenzi "chochea", na achocheaye moto huufanya uwake. Taswira hiyo yafaa kwa aina moja ya vichocheo. Kwa aina nyingine hupotosha. Makala haya yanakusudia kuonyesha tofauti hiyo, kwani mwalimu asiyeitambua hutafuta chanzo cha tabia mahali ambapo hakipo.

Katika uchambuzi wa tabia, kichocheo ni badiliko lolote la mazingira linaloweza kuathiri mwenendo wa kiumbe: sauti, nuru, harufu au joto. Huainishwa kwa kazi yake, si kwa umbo lake. Kwa hiyo sauti moja yaweza kuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, eneo ambalo Uislamu uliingia pamoja na misafara ya karne ya 19. Ni Ramadhani, na aliyefunga ameketi mbele ya bakuli la uji. Adhana ya magharibi ikisikika, mambo mawili hutokea. Kwanza, mate hujaa kinywani. Chakula kikiwa ulimini huleta mate pasipo mafunzo. Hicho ni kichocheo asilia. Adhana, kwa kutangulia chakula jioni baada ya jioni, hupata nguvu kama hiyo, nayo huwa kichocheo cha kujifunza. Uhusiano wa namna hii ndio aliouchunguza Ivan Pavlov wa Urusi kwa mbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa kichocheo huchochea kweli.

Pili, mkono huenda kwenye bakuli. Sauti haikuusukuma. Huenda kwa sababu siku zilizopita kula baada ya adhana kulileta shibe, ilhali kula kabla yake kungevunja saumu. Tokeo linaloipa tabia nguvu ya kurudiwa huitwa kiimarishi. Sauti inayoarifu kwamba kiimarishi sasa chapatikana, tunapendekeza iitwe kibainishi. B. F. Skinner wa Marekani alizitenganisha aina hizi mbili za tabia katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Redio hudhihirisha tofauti hiyo. Jua huchwa Dar es Salaam takriban dakika 50 kabla ya Lusangi. Mtu wa Lusangi akiinasa adhana ya Dar es Salaam, mate yaweza kumjaa, lakini mkono hautembei. Kazi mbili za sauti moja zimeachana.

Ubainishaji huu waweza kuokoa maisha. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limewafunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa baruti ya mabomu ya ardhini. Harufu haimlazimishi panya kukwaruza. Bali akikwaruza penye harufu hiyo hupata ndizi, na pengine hapati kitu. Mkufunzi akimtuza pasipo na harufu, kibainishi hudhoofika, na kesho mtu aweza kukanyaga palipodhaniwa kuwa salama.

Ndivyo ilivyo hata darasani. Kengele isipoleta utulivu, mwalimu asiipige kwa nguvu zaidi. Aangalie kwanza wanafunzi hupata nini wanapotulia.