Risasi ya Betri na Watoto Wetu

Umeme wa jua umeleta taa hata kwa wakulima wa pamba wa Bariadi, nasi twaufurahia. Lakini betri ya jua, kama ile ya gari, mara nyingi ina risasi ndani yake. Ikifa huuzwa kama chakavu. Hapo ndipo penye hatari.

Risasi hii haina mlio. Avunjaye betri au kuiyeyusha uani huvuta moshi na vumbi lake, na jioni hulichukua nyumbani katika nguo. Mtu mzima hupatwa na shinikizo la damu na maradhi ya figo. Mtoto huumia zaidi: katika risasi aimezayo, mwili wake hunyonya mara nne hata tano kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ukadhurika asiweze kusoma vema. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama.

Asiyesadiki na autazame mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa kando ya nyumba za watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya; baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha amri hiyo Desemba 2024. Fedha hizo haziwezi kuurudisha ubongo wa mtoto.

Hatusemi fundi aache kazi, maana ndiyo unga wa nyumbani kwake. Twasema betri isivunjwe uani, iuzwe nzima. Na mwenye karakana atoe maji, sabuni na nguo za kazi zibakizo karakanani.