Kisukari cha Ukubwani Hupandwa Utotoni: Somo Kutoka Visiwa vya Karibi

Huko Mona, pembezoni mwa Kingston, Jamaika, Chuo Kikuu cha West Indies kina kitengo cha utafiti kilichoanzishwa miaka ya 1950 na daktari Mwingereza, John Waterlow, ili kuokoa watoto waliokuwa wakifa kwa utapiamlo. Wodi yake ilipokea watoto wenye kwashakoo na nyongea, yaani utapiamlo wa kukondeana. Kwashakoo yenyewe ilikuwa imeelezwa kitaalamu miaka ya 1930 na Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipokuwa daktari katika nchi ambayo leo ni Ghana, na wauguzi wetu wa kliniki za watoto wanaifahamu hadi leo. Leo kitengo hichohicho cha Mona kinachunguza pia kisukari, shinikizo la damu na unene uliopitiliza. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja, tena mara nyingine ndani ya mwili uleule.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima waliowahi kulazwa utotoni kwa utapiamlo mkali. Wale walioponea nyongea walikutwa na udhaifu mkubwa zaidi wa kudhibiti sukari ya damu kuliko walioponea kwashakoo, na kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuugua. Kongosho lililojengwa wakati wa njaa lilikuwa limebaki na uwezo mdogo wa kutoa insulini. Mtoto wa namna hiyo akikulia kwenye mtaa uliojaa soda na vyakula vya kukaanga, anabebeshwa mzigo wa sukari ambao mwili wake haukuandaliwa kuubeba. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema kisukari ni ugonjwa wa walafi. Sehemu kubwa ya hatari huwekwa tumboni mwa mama na katika miaka ya mwanzo, kabla mtoto hajaweza kuchagua chochote.

Kwa sasa takribani mtoto mmoja kati ya watatu katika eneo la Karibi ana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mafuta yanapojazana kwenye ini na misuli, seli huacha kuitikia insulini ipasavyo, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Huhimili miaka kadhaa, kisha huchoka. Zamani uchovu huo ulionekana kwa watu wa miaka 50. Sasa aina ya pili ya kisukari inaonekana kwa vijana wa sekondari, na kwao huenda mbio zaidi. Utafiti wa Marekani uitwao TODAY, uliowafuatilia vijana walioupata mapema, ulikuta kwamba walipofika wastani wa miaka 26 asilimia 60 walikwisha pata madhara kwenye macho, figo au neva. Barbados, kisiwa chenye watu pungufu ya laki tatu, inafahamu vizuri mwisho wa njia hiyo, maana watu wengi huko wamekatwa miguu kwa sababu ya kisukari.

Sukari inayowanenepesha watoto huingia zaidi kwa kunywa. Huko Jamaika mtoto akiwa na vijisenti hununua juisi iliyofungwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Hung'ata kona, hunyonya, na kwa dakika mbili imekwisha. Humo kuna maji, sukari, rangi na ladha ya tunda ambalo halimo. Kinywaji cha namna hii, au soda ya kawaida, hubeba takribani gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Nusu lita basi ni gramu 50, vijiko 12 vya chai, na hicho ndicho kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho Shirika la Afya Duniani linamruhusu mtu mzima kwa siku nzima. Kwa kuwa ni kinywaji, hakimshibishi mtoto. Akifika nyumbani atakula chakula chake kama kawaida.

Mzazi ataulizwa kwa nini asimpe mwanawe chakula cha asili. Swali hilo ni jepesi kuuliza. Nchi nyingi za Jumuiya ya Karibi huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 60 ya chakula chao, na karibu nusu ya nchi hizo huagiza zaidi ya asilimia 80. Ardhi nzuri ilitwaliwa na mashamba ya miwa tangu karne ya 17, na watumwa waliolima miwa hiyo walilishwa chakula cha meli, kikiwamo samaki wa chumvi. Viazi vikuu, ndizi na matunda vipo, lakini mara nyingi tambi za pakiti na biskuti zilizoshuka bandarini ndizo nafuu kwa mama mwenye kipato kidogo.

Viongozi wao waliliona jambo hili mapema. Tarehe 15 Septemba 2007 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Karibi walikutana Port of Spain, Trinidad, kwa ajili ya magonjwa sugu yasiyoambukiza peke yake. Haikuwa imewahi kutokea duniani wakuu wa nchi wakutane kwa ajili hiyo. Mtu aliyekuwa akiwasukuma kwa miaka mingi ni Sir George Alleyne, daktari wa Barbados aliyewahi kuongoza Shirika la Afya la nchi za Amerika. Mkutano huo ulisaidia kuufikisha mjadala Umoja wa Mataifa, ambao uliitisha kikao chake cha viongozi mwaka 2011. Huko Port of Spain wakuu hao waliahidi kurudisha mazoezi shuleni, kuboresha chakula cha wanafunzi na kuweka lebo za lishe. Tathmini ya miaka kumi baadaye ilionyesha kwamba lishe na shule vilikuwa miongoni mwa vipengele vilivyotekelezwa kwa uchache zaidi. Hapo ndipo penye kampuni zenye nguvu na wazazi wenye haraka, na waziri wa afya peke yake hapawezi.

Barbados ilitoza vinywaji vyenye sukari ushuru wa asilimia 10 mwaka 2015. Mwaka wa kwanza mauzo yalishuka kwa asilimia 4.3 chini ya yale yaliyotarajiwa, na mauzo ya vinywaji visivyo na sukari, maji yakiwemo, yakapanda. Lakini baadhi ya wanunuzi walihamia chapa za bei rahisi. Kasoro iko kwenye namna ushuru wenyewe unavyohesabiwa: asilimia ya bei hukitoza kidogo kinywaji cha bei ndogo, hata kama kina sukari sawasawa na cha bei kubwa. Mwaka 2022 serikali ilipandisha ushuru hadi asilimia 20, hatua njema. Mimi ningependa utozwe kwa gramu ya sukari, kwa sababu hapo mtengenezaji mwenyewe hupata sababu ya kupunguza.

Jamaika ilipitia mlango wa shule. Januari 2019 kinywaji chenye zaidi ya gramu 6 za sukari kwa mililita 100 kilikatazwa kuuzwa shuleni, na mpango ulikuwa kushusha kikomo hatua kwa hatua hadi gramu 2.5. Ile nusu lita ya gramu 50 ingebaki na 12.5. Trinidad na Tobago ilikwisha kuviondoa vinywaji vyenye sukari shuleni mwaka 2017.

Tatizo limebaki upande wa pili wa uzio. Kantini ikitii, mchuuzi wa nje ya lango anauza kilekile, na hatuwezi kumlaumu mama anayelisha familia kwa meza hiyo. Anachohitaji ni bidhaa nyingine ya kuuza inayomlipa. Dafu linalokatwa kando ya barabara Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, linauzika. Tunda lililomenywa pia. Halmashauri ikimpa kibali na kivuli kwa sharti la kuuza hivyo, sheria ya shule itapata mtu wa kuitetea badala ya kuikwepa. Na shule nayo lazima iwe na bomba la maji ya kunywa linalofanya kazi, la sivyo mtoto mwenye kiu atakwenda palepale penye chupa baridi.

Kuna pia suala la lebo. Watetezi wa afya wa Karibi, vijana wakiwa mstari wa mbele, wanadai alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, kama ile ya Chile tangu 2016, inayosema wazi kwamba bidhaa imezidi sukari, chumvi au mafuta. Viwanda vimepinga kwa miaka. Mimi niko upande wa vijana hao. Maandishi madogo ya mgongoni mwa pakiti yanamtaka mama ahesabu gramu akiwa na mtoto mkononi na foleni nyuma yake, ilhali alama ya mbele huonekana hata na mtoto wa darasa la pili.