Saa ya mkono ya shilingi bilioni 3: thamani yake iko wapi?

Tarehe 9 Novemba 2019, mjini Geneva nchini Uswisi, saa moja ya mkono iliuzwa mnadani kwa faranga za Uswisi milioni 31. Kwa pesa zetu za wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 3. Mtu akisikia bei hiyo, jambo la kwanza huuliza ina almasi ngapi. Haina hata moja. Kasha lake ni la chuma cha pua, jamii moja na vijiko vyetu vya jikoni.

Saa hiyo ni Grandmaster Chime ya kampuni ya Patek Philippe. Haina betri. Mtambo wake una vipande 1,366, na mbali na kuonyesha saa na dakika, hufanya kazi nyingine 20. Ina nyuso mbili; mwenyewe huigeuza akavaa upande autakao.

Kazi inayonivutia zaidi ni ya kugonga. Ufundi huu ni wa tangu zama ambazo hapakuwa na umeme, mtu akitaka kujua saa gizani. Tuseme imefika saa nane na dakika 47 mchana. Ukiiamrisha, vinyundo vidogo hugonga mara mbili kwa saa, kisha robo tatu, kisha mara mbili tena kwa dakika zilizobaki. Mzungu husikia mbili. Sisi twaongeza sita, twapata nane yetu.

Kalenda yake nayo yajua mwezi wa siku 30 na wa siku 31, na hata Februari ya siku 29. Huonyesha pia umbo la mwezi, jambo ambalo mvuvi wa kwetu hulisoma angani apate kujua bamvua na maji mafu.

Lakini ufundi pekee haukuleta bei ile. Wakadiriaji walitarajia faranga milioni 2.5 hadi 3 tu. Iliyoipandisha ni mambo mawili. Kwanza, ya chuma cha pua ilitengenezwa hiyo moja tu, na usoni imeandikwa hivyo. Pili, ulikuwa mnada wa hisani wa Only Watch, wa kuchangia utafiti wa maradhi ya Duchenne, ambayo hudhoofisha misuli ya watoto, hasa wavulana. Mnunuzi alilipia upekee na sadaka kwa pamoja.

Hapa ndipo habari hii yatuhusu. Nyumba nyingi za Pwani zina saa za kutia ufunguo walizoacha wazee, na wengine tuna jamaa Oman. Saa zenye nembo ya jambia, ambazo Sultani Qaboos alikuwa akizitoa zawadi, leo husakwa na wakusanyaji duniani. Wao hutaka uso wa asili, hata kama umefifia, kasha lisilosuguliwa, na sanduku pamoja na hati zake.

Rai yangu ni hii: ukiwa na saa ya babu, usikubali ipakwe rangi mpya wala ising'arishwe kwa mashine. Usiiuze kwa mpita njia kabla hujaionyesha kwa watu wawili watatu wanaojua saa. Huenda isilete hata elfu kumi, lakini uamuzi wa kuiuza uwe wako, nawe ukijua unachokitoa.